Piano Haina Kitufe

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimeamua kuwa mwalimu wa muziki. Uamuzi umechukua kikombe kimoja cha chai. Wengine hufikiri miaka. Mimi ubongo wangu hauna foleni.

Chanzo ni Honi. Honi ni binti yangu, yuko darasa la nne, na jina hilo nilimpa mwenyewe siku alipozaliwa, akalia kama lori linaloomba njia. Sauti nene, nzito, ya kujaza chumba. Asubuhi nimemkuta anavaa soksi huku anafungua na kufunga mdomo, na hakuna kinachotoka. Nikamuuliza kama jino linauma. Akasema hapana baba, nafanya mazoezi ya kuimba. Mazoezi gani ya kimya? Ndipo akanieleza, wala halalamiki, kwamba tangu darasa la pili mwalimu wa muziki alimwambia: wewe mwanangu fungua mdomo tu, usitoe kitu, unawaharibia wenzako.

Yaani mtoto wangu anaimba kama samaki! Muda wote huo! Na anajivunia! Akanionyesha jinsi anavyofungua mdomo vizuri kuliko darasa zima.

Mama Honi akageukia dirisha. Mimi nikageukia chai. Ilikuwa ya moto sana, ndiyo maana machozi.

Sasa, sauti ya Honi mimi naijua. Nikishaosha vyombo vya jioni (ndiyo, naosha, mwanamume kamili haogopi sabuni), nampigia kinanda na yeye anaimba, na hakosei hata chembe. Ila kwanza nabonyeza kile kitufe cha kushusha wimbo. Nabonyeza, nabonyeza tena, wimbo unateremka mpaka pale alipo yeye, halafu anaupanda kama ngazi ya kwao. Hizo nyimbo za shule zimewekwa darini. Mtoto hafiki, wanasema hajui kuimba. Kosa ni la ngazi!

Kwa faida ya watakaosoma shajara hii nitakapokuwa mashuhuri: mimi ni mpiga kinanda. Harusi, ufunguzi wa maduka, kuwaaga wastaafu, popote penye viti vya plastiki mimi nipo. Kinanda changu kinaitwa Malkia. Nabonyeza mdundo, kinajipiga ngoma chenyewe, nami juu yake naongeza ufundi. Napiga vibonye vyeupe tu. Vyeusi sivigusi. Mtu akiuliza namwambia ni vya akiba. Mwimbaji akitaka wimbo upande au ushuke, nabonyeza kitufe, Malkia anahama yeye, mimi nakaa palepale. Hiyo ndiyo sayansi.

Nikaenda shuleni kugomba. Sikugomba. Kumbe yule mwalimu wa muziki amestaafu, na ubaoni kuna tangazo wanatafuta mwingine! Mwalimu Mkuu, mama mfupi mwenye funguo tele kiunoni, akanieleza kwamba Ijumaa anakuja Mkaguzi. Asipokuta mtu anayefaa, somo la muziki linafutwa kwenye ratiba, chumba kinakuwa stoo ya madawati mabovu, na piano inahamishiwa shule nyingine. Alisema hayo akiitazama piano kama mtu anayemuaga mgonjwa.

Nikamwambia mama, futa machozi, mwalimu umempata. Akaniuliza sifa ninazo? Nikamwambia nasifiwa kila Jumamosi.

Akaninyooshea kidole kwenye tangazo. Cheti cha kidato cha nne. Stashahada ya ualimu yenye somo la muziki. Awe anasoma na kuandika nota. Apige ala moja kwa ustadi na ya pili kwa kiasi. Uzoefu. Tabia njema. Nikazipitia papo hapo. Ala ninayo. Ya pili, napiga mluzi. Uzoefu ninao hadi wa kugawa. Tabia njema, waulize majirani, isipokuwa yule wa geti la bluu. Zilizobaki ni karatasi, na karatasi ni mti uliokonda.

Jioni nimeutangazia mtaa kwamba kazi nimepata. Kinyozi amenipa mkono. Muuza mkaa ameanza kuniita Mwalimu. Jina linapendeza sikioni!

Jumanne, 4 Februari

Nimetafuta cheti changu cha kidato cha nne nyumba nzima. Hakipo. Hakipo kwa sababu kidato cha nne sikukifika. Niliishia cha pili, kinanda kikaniita, nikaitika.

Lakini mtu mzima hakosi vyeti. Chini ya godoro nimepata vitatu: cha huduma ya kwanza, cha mshindi wa pili wa kuvuta kamba, na cha mafunzo ya kufuga kuku wa mayai. Hiki cha kuku ni kitamu kukitazama. Kina muhuri mwekundu na saini ndefu kama mkia wa tiara.

Sighushi. Mimi ni msanii, si mhalifu. Ila hakuna sheria inayokataza mtu kushika karatasi yake anavyotaka. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Kidole gumba kikikaa mahali pake, kinachosomeka ni kwamba mwenye jina hili amehitimu mafunzo kwa kiwango cha juu. Mafunzo gani? Gumba ndilo linalojua.

Nikakipeleka shuleni. Mwalimu Mkuu akaomba akishike mwenyewe. Sikuachia. Akavuta. Nikavuta. Akavuta tena, na hapo ndipo nikakumbuka kwa nini nilikuwa mshindi wa pili.

Akasoma. Akaniuliza kuku wanaingiaje kwenye muziki. Nikamwambia mama, jogoo ndiye mwalimu wa sauti wa kwanza duniani, na hakuna aliyewahi kumdai stashahada. Akacheka mpaka funguo zikalia. Mama huyu ana moyo! Akaniambia usaili uko wazi kwa kila mtu, nije Ijumaa asubuhi, ila nijue kabisa kuna mwingine ameitwa, naye vyeti anavyo vyote.

Nani huyo? Shemeji!

Shemeji ni mdogo wake Mama Honi. Analala chumba chetu cha uani. Ana stashahada ya ualimu wa muziki ndani ya bahasha ya kaki, lakini kazi yake ni kusoma mita za maji, kwa sababu mita hazimtazami usoni. Ni mpole hadi anaudhi. Ukimkanyaga, anaomba radhi yeye. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu ki mezani, na kinaomba chumvi.

Nimemkabili wakati wa chakula. Nikamuuliza, shemeji, kwa nini hukuniambia? Akasema hakutaka kunisumbua. Nikamwambia umenisumbua. Akaomba radhi. Sasa mtu kama huyo utagombana naye vipi?

Jumatano, 5 Februari

Mkakati mpya: kumnyonya adui elimu. Nimemwomba shemeji anifundishe nota. Amekubali palepale, mjinga wa watu.

Akatoka uani kwenye kamba ya kuanikia nguo. Akafunga nyingine nne, juu na chini, zikawa tano kama uzio. Akaniambia nota zinakaa kwenye mistari mitano, juu ya mstari au katikati ya miwili. Akachukua kikapu cha soksi na vibanio. Soksi nyeupe ni sauti ndefu, nyeusi ni fupi. Ikibanwa juu, sauti inapanda, ikibanwa chini, inashuka. Akauanika wimbo wa shule mzima, ule wa kulisifu jua. Honi akawa anasoma soksi kwa kidole huku akirukaruka.

Na mimi nikaelewa! Nilikuwa nateleza tu, soksi baada ya soksi. Penye soksi yenye tundu nikasema hapa ni pa kuvuta pumzi. Shemeji akasema hapana. Nikamwambia tundu ni la nini basi?

Ndipo Mama Honi akatoka na ndoo ya kufulia. Akauliza ni nani aliyezitawanya soksi zake safi kama kunguru. Hakungoja jibu. Akaanika shuka juu ya mstari wa kwanza wa wimbo. Akaanika suruali yangu kwenye kamba ya pili. Shemeji akaitazama suruali, akasema kwa upole kwamba nota ya aina hiyo bado haijavumbuliwa. Mke wangu akacheka. Honi akacheka. Mimi nikachekea pembeni ili nisimpe raha.

Mara manyunyu. Mama Honi akaanua vyote, akakunja, akatia kabatini. Hivi sasa elimu yangu yote iko rafu ya chini, imekunjwa mbili mbili.

Kabla ya kulala shemeji kaniambia jambo. Kasema, shemeji, ile piano ya shule ni ya mbao na waya, haina umeme wala kitufe. Vibonye vyeusi vizoee. Nikamwambia mwanangu, mimi nimepiga kinanda kwenye mvua huku mwavuli umeshikwa na bwana harusi. Usinifundishe kuogelea, nilizaliwa na mapezi.

Akaomba radhi.

Alhamisi, 6 Februari

Sikulala vizuri. Nimemuona Mama Honi akipiga pasi shati la shemeji kwanza, langu baadaye, na pasi ilikuwa imeshapoa. Nyumba hii ina upendeleo!

Nimejadiliana na dhamiri yangu. Dhamiri ilisema, mwache kijana wa watu, ana vyeti. Nami nikasema, vyeti anavyo, lakini je, anajua kwamba Honi si samaki? Akiingia yeye atapiga nyimbo kama zilivyoandikwa, na zimeandikwa darini. Mtoto atabaki na mdomo wazi mpaka darasa la saba. Dhamiri ikakosa la kujibu. Haikusoma sana.

Basi mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama mvunguni mwa kitanda cha shemeji na kutoka na kiatu chake cha kulia. Ndicho cha mguu wa kukanyagia pedali. Nimekizika chini kabisa ya begi la Malkia. Mtu atakwenda wapi kwenye usaili na kiatu kimoja?

Jioni shemeji amekitafuta. Kimya kimya. Ameinua kapeti. Amefungua hadi pipa la maji. Honi akamsaidia na kitochi. Wakaingia hata chumbani kwangu na kuniuliza, nami nikasema labda panya. Honi akasema, panya gani wa kuvaa namba nane, baba?

Moyo ukaniuma kwelikweli. Nilipomuona amekaa kitandani amekishika kile kimoja mapajani kama yatima, nikaenda kabatini nikampa tai yangu nzuri, ile ya mistari. Nikampa na mkanda. Nikampa na chupa ya manukato ajipulizie apendavyo. Akanishukuru sana.

Kiatu sikutoa. Huruma lazima iwe na mpaka.

Ijumaa, 7 Februari

Siku hii niiandike taratibu, maana ni ndefu.

Tumekwenda pamoja, shemeji kwa tai ya mistari na kandambili. Manukato aliyamaliza yote. Nyuki walitusindikiza mpaka getini.

Mkaguzi ni mzee mwembamba kama penseli, amekunja leso mfukoni kwa pembe tatu sawasawa. Alikaa na Mwalimu Mkuu kwenye meza karibu na piano. Nikaambiwa nianze mimi. Nikasema kwanza nitoe ala yangu. Nikafungua begi, nikamvuta Malkia kwa mbwembwe, na kiatu kikatoka naye. Kikaanguka sakafuni pa! Kikageuka, kikasimama wima, kikamwelekea mwenyewe.

Shemeji akakitazama kiatu. Akanitazama mimi. Halafu akasema, asante shemeji, kumbe ulinibebea. Akainama, akakivaa. Mguu mmoja kiatu, mmoja kandambili, akarudi kukaa kama kawaida.

Afadhali angenipiga!

Mkaguzi akasema vinanda vya umeme haviruhusiwi, chumba kina piano. Sawa. Akanipa karatasi ya nota nisome. Nikakohoa. Nikasoma kwa sauti ya kujiamini: soksi nyeupe, soksi nyeusi, soksi nyeusi mbili zinapanda, shuka. Mkaguzi akamuuliza Mwalimu Mkuu kama amesikia vizuri. Mwalimu Mkuu alikuwa ameuma ncha ya kitambaa chake.

Ndipo darasa la nne likaingizwa, niwapigie waimbe. Honi mstari wa mbele! Nikaketi, nikapiga wimbo wa kulisifu jua, vibonye vyeupe, tamu kama kawaida yangu. Watoto wakaimba. Na Honi akafungua mdomo. Aliufungua vizuri kuliko wote, macho yanang'aa, ananionyesha. Hakuna kilichotoka.

Nikasimamisha. Nikatangaza kwamba wimbo uko juu mno, naushusha. Nikatafuta kitufe. Nikapapasa mbele. Nikapapasa pembeni. Nikaingia chini ya piano. Mkaguzi akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia kitufe. Shemeji akafumba macho.

Hapo akili ikaniwakia. Malkia huhama mimi nikakaa. Basi piano ikikataa kuhama, nihame mimi! Nikatoka chini, nikasogeza kiti kidogo kushoto. Vidole vilevile, mwendo uleule, vibonye vyeupe vilevile, ila nimeanzia chini zaidi. Nikapiga.

Lahaula! Wimbo wa kulisifu jua ukatoka kama wa kulizika jua. Ni uleule, lakini umevaa nguo za msiba. Watoto wakaufuata kwa utii. Msichana mmoja mstari wa pili akaanza kulia. Mlinzi aliyekuwa dirishani akavua kofia.

Mkaguzi akasogea. Akaniuliza, kwa heshima kabisa, nimejifunza wapi kuigeuza furaha kuwa majonzi kwa wepesi ule. Nikamwambia mzee, ni mtindo wangu binafsi, nimeuokota safarini. Akaomba niurudishe kwenye furaha. Nikasogeza kiti kulia, furaha. Akaomba majonzi. Nikasogeza kushoto, majonzi. Akainama, akaitazama miguu ya kiti. Halafu akaweka kidole chake chembamba kwenye kibonye kimoja na kusema, nipigie furaha kuanzia hapa.

Nikaanza. Ukatoka msiba mwingine, mpya, sijui wa ukoo gani.

Mzee hakunicheka. Akanieleza kwamba vibonye vyeusi si vya akiba. Bila vyenyewe, kila unapoanzia wimbo unageuka tabia. Asiyevigusa hawezi kuushusha wimbo ukabaki ni uleule, na mwalimu asiyeweza kuushusha wimbo anamwacha nyuma mtoto asiyeufikia. Ndiyo maana tunadai watu wasome, akasema, hatudai kwa kupenda karatasi.

Nikaruka! Nikamwambia mzee, hapohapo! Hicho ndicho kilichonitoa nyumbani! Yupo mtoto humu anayeachwa nyuma, tena mnaye mbele yenu!

Nikaiacha piano. Nikaenda nikachuchumaa mbele ya Honi. Kitufe sina, lakini sikio ninalo, na sikio langu linajua pale anapokaa kama linavyojua mlango wa nyumbani. Nikamwimbia kwa sauti ndogo mwanzo wa wimbo, chini, palepale petu pa kuosha vyombo. Nikamwambia, mama, imba kama nyumbani. Akamtazama Mwalimu Mkuu, akauliza kwa kunong'ona, nitoe? Mwalimu Mkuu akaitikia kwa kichwa, toa mwanangu.

Akatoa.

Jamani! Kioo cha dirisha kilitetemeka. Sauti nene, tulivu, kila neno mahali pake. Wenzake wakageuza shingo. Nyuma yangu nikasikia piano imeingia, polepole, pale pale alipo yeye, vyeupe na vyeusi pamoja, na wimbo ni wa jua kabisa, wala hauna msiba. Nikageuka. Shemeji! Kiatu kwenye pedali, kandambili hewani, na wala haombi radhi kwa mtu.

Na nyuma kabisa wavulana wawili warefu, ambao nao siku zote walikuwa wanafungua mdomo tu, wakaanza kutoa sauti. Kumbe samaki walikuwa watatu! Tuliimba mpaka darasa la tano wakaja mlangoni. Mkaguzi aliikunjua leso yake yote.

Uamuzi: somo linabaki. Piano inabaki. Mwalimu ni shemeji, vyeti anavyo na vidole anavyo. Mimi, akasema Mkaguzi, nina sikio ambalo chuo hakimpi mtu, ila hayo mengine yote chuo ndicho kinachoyatoa. Naruhusiwa kuja Jumatano kusaidia kuwapanga watoto kwa sauti zao. Jina la mwalimu sina. Nikilitaka, njia iko wazi: nimalize kidato cha nne kwenye masomo ya jioni, kisha chuo cha ualimu, kisha nirudi. Masomo ya jioni yanaanza Jumatatu. Akanipa mkono. Nikamwambia mzee, mimi nimebadilika.

Njiani Honi ameimba kwa nguvu zote. Jirani wa geti la bluu amefunga madirisha. Raha iliyoje!

Jumamosi, 8 Februari

Mtaa mzima umejua kwamba sikupata kazi. Nimewaeleza vizuri: kazi nilipata, ila nimemwachia shemeji kwa sababu ni kijana, anahitaji kuanza maisha. Kinyozi amesema ni ukarimu wa ajabu. Nimekubaliana naye.

Mama Honi ameniambia mezani kwamba mwanamume aliyechuchumaa mbele ya darasa zima kwa ajili ya binti yake ndiye aliyemwoa, na yuleyule aliyeiba kiatu ndiye anayemsubiria apate akili. Akanipa kipande kikubwa cha mkate. Shemeji akaomba chumvi. Nikampa kwa mikono miwili.

Baadaye nimemuomba radhi kuhusu kiatu. Akaniambia yeye ndiye mwenye kosa, alikiweka mahali pa wazi.

Jumatatu, 10 Februari

Leo masomo ya jioni. Nimekwenda! Nimevaa tai. Nilipoingia darasani mwalimu wao alikuwa amechelewa, na vijana wote wakasimama wakaniamkia, shikamoo mwalimu. Ningefanyaje? Kumvunjia mtu heshima yake ni dhambi. Nikaitikia, nikachukua chaki, nikawafundisha jiografia. Walipenda sana sehemu ya milima. Tulikuwa tumefika mbali mwalimu mwenyewe alipotokea, na mazungumzo yaliyofuata hayana faida ya kuandikwa. Inatosha kusema nimeondoka kwa hadhi. Kwa kasi pia.

Lakini sijavunjika moyo. Kwanza, vibonye vyeusi vya nini wakati mafundi wapo? Nimeongea na seremala. Nimemwambia tukiikata piano katikati na kuitia reli, kama droo ya kabati, vibonye vyote vitakuwa vinasogea kushoto na kulia, mtu yeye amekaa tu. Seremala ameduwaa. Amesema hajawahi kusikia jambo kama hilo. Wavumbuzi wote huambiwa hivyo. Anakuja Alhamisi na msumeno.

Pili, Jumatano ndiyo siku ya kwanza ya shemeji darasani. Mimi ni msaidizi. Lakini nimewaza: mwalimu akichelewa kidogo tu, nani atafungua kipindi? Nani atasimama mbele ya darasa la nne, Honi akiwa mstari wa mbele na mdomo umejaa sauti, watoto wote wakasema shikamoo mwalimu?

Makosa ni shule, nami si mtu wa kurudia darasa. Ijumaa niliumbuka kwa sababu nilificha kiatu kimoja.

Leo nimeficha vyote viwili. Viko ndani ya begi la Malkia.